Kutoka Kisima cha Ubatizo hadi Kijiweni

Katika kila lugha yapo maneno yaliyozaliwa kanisani na kuishia mtaani. Mojawapo ni neno la Kiingereza gossip. Leo maana yake inajulikana hata kwa wasiokijua Kiingereza vizuri: ni umbea, ni masengenyo, ni habari za mtu zinazopitishwa sikio hadi sikio mwenyewe akiwa hayupo. Lakini miaka elfu moja iliyopita neno hilohilo lilikuwa jina la heshima. Aliyeitwa hivyo alikuwa amesimama penye kisima cha ubatizo, amempokea mtoto wa mwenzake mikononi, na kutoa ahadi mbele za Mungu kwa niaba ya mtoto huyo. Yaani jina la mmbea wa leo lilikuwa jina la msimamizi wa ubatizo wa jana.

Tunaona inafaa kuifuatilia safari ya neno hili, ingawa si neno letu. Wasimamizi wa ubatizo tunao katika kila usharika, na umbea nao hatujaukosa. Tukielewa jinsi jina la kazi takatifu lilivyogeuka kuwa jina la dhambi, tutajua pia ni kitu gani katika kazi hiyo kinachohitaji kulindwa.

Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa godsibb. Lina sehemu mbili. God ni Mungu. Sibb ni undugu, yaani uhusiano wa damu na ukoo. Lakini neno hilo sibb lilikuwa na maana ya pili, nayo ni amani. Injili zilipotafsiriwa kwa lugha ya Waingereza katika karne ya 10, mahali ambapo Bwana Yesu anawaachia wanafunzi wake amani (Yohana 14:27), mtafsiri aliandika sibb. Kwa watu wale undugu na amani vilikuwa kitu kimoja, na sababu yake haiko mbali. Waliishi katika nchi ya visasi vya damu, ambako ukoo ulilipiza kwa ukoo. Palipo na undugu palikuwa na amani. Undugu ulipoishia, mara nyingi amani nayo iliishia hapo.

Basi ubatizo ulipoingia kati yao uliwapa jambo jipya. Mtu asiye wa ukoo wako aliweza kuwa ndugu yako kwa sababu ya Mungu. Aliposimama kwa ajili ya mtoto wako, alifungwa na mtoto huyo, na alifungwa pia na wewe mzazi. Wazazi na wasimamizi waliitana godsibb, ndugu kwa Mungu. Undugu huo haukuwa wa maneno matupu. Sheria za mfalme Ine wa Wessex, aliyetawala kuanzia mwaka 688 hadi 726, zilitaka anayemuua mtoto wa ubatizo au baba wa ubatizo wa mtu amlipe fidia yule aliyebaki, kama vile ambavyo ndugu wa damu hulipwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 878. Mfalme Alfred wa Wessex alikuwa amepigana vita vikali na Wadenmark walioivamia nchi yake, na akamshinda kiongozi wao Guthrum huko Edington. Majuma machache baadaye Guthrum alibatizwa mahali paitwapo Aller, pamoja na wakuu wake wapatao 30, na Alfred mwenyewe ndiye aliyesimama kuwa baba yake wa ubatizo. Mtu aliyekuja kuchukua kiti chake cha enzi sasa alikuwa mtoto wake kwa Mungu. Tunajua kwamba siasa ilikuwamo ndani ya tendo lile, na kwamba amani ile haikukosa misukosuko. Hata hivyo, linatuonyesha watu wa wakati ule waliuona usimamizi wa ubatizo kuwa nini: ulikuwa njia ya kumfanya adui kuwa ndugu.

Kwa sababu hiyo, kuuvunja undugu huo kulionekana kuwa jambo la kutisha. Mwaka 1014, wakati nchi ikiteswa tena na mashambulizi ya Wadenmark, Askofu Mkuu Wulfstan wa York aliwahubiria watu wake mahubiri makali ya toba. Alihesabu dhambi za taifa moja baada ya nyingine: usaliti, wizi, watu kuuzwa utumwani. Katika orodha hiyo aliweka pia kwamba watu wengi mno walikuwa wamewaua ndugu zao wa ubatizo na watoto wao wa ubatizo. Hapo ndipo tunapolikuta neno letu katika moja ya maandishi yake ya zamani kabisa. Kwa Wulfstan, taifa ambalo godsibb anamuua godsibb ni taifa lililofika mwisho.

Kanisa la Zama za Kati liliuheshimu undugu huu hata likaujengea sheria za ndoa. Aliyemsimamia mtoto hakuruhusiwa kumwoa mzazi wa mtoto huyo, wala mtoto mwenyewe atakapokua. Sheria hizo ziliongezeka hadi zikawa mzigo. Martin Luther alizipinga katika maandiko yake ya mwaka 1520 na 1522. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ikiwa undugu wa kiroho unazuia ndoa, basi hakuna Mkristo atakayeweza kumwoa Mkristo, kwa maana wote waliobatizwa ni ndugu. Tuangalie kwamba Luther hakuushusha undugu wa ubatizo kwa kusema hivyo. Aliutoa katika mikono ya sheria na kuurudisha kwa Wakristo wote.

Wakati huohuo, katika vinywa vya Waingereza, neno lilikuwa limeshaanza kusogea. Kufikia karne ya 14 lilitamkwa gossib, na halikuwa tena la kisimani peke yake. Liliweza kuwa na maana ya rafiki wa karibu tu, mtu mnayeingia na kutoka kwa kila mmoja. Chaucer analitumia hivyo katika hadithi zake. Katika shairi la Piers Plowman, linalosemwa kuwa la William Langland, yupo mlafi anayekwenda kanisani kuungama dhambi zake. Njiani anakutana na mama muuza pombe. Mama huyo anamwita kwa jina hilohilo la ndugu wa ubatizo, kisha anamkaribisha aionje pombe yake. Mlafi anaingia kilabuni, na kanisani hafiki. Jina lililoundwa kwa ajili ya kumleta mtu kisimani limetumika kumgeuza njiani. Pengine waliolisikia shairi hilo walicheka, lakini ndani yake mna onyo.

Karne mbili zilizofuata zililipeleka neno katika chumba cha uzazi. Katika Uingereza ya wakati ule mwanamke alipokaribia kujifungua, aliwaita mkunga pamoja na majirani na rafiki zake wa kike. Wanaume walitoka nje. Madirisha yalifunikwa, moto ukawashwa, na ukaandaliwa uji wa moto uliochanganywa na divai au pombe, sukari na viungo, kwa ajili ya mzazi na waliokuwa naye. Wanawake hao waliitwa gossips. Baadhi yao ndio waliokuja kuwa wasimamizi wa mtoto, kwa kuwa ubatizo ulifanyika siku chache tu baada ya kuzaliwa, na mara nyingi mama mwenyewe alikuwa bado yuko ndani akijiuguza. Wao ndio waliomchukua mtoto hadi kanisani. Uzazi ulikuwa hatari, na wanawake hao walishika mkono wa mwenzao katika saa ambayo angeweza kufa. Walisikia alichokisema katika uchungu. Waliiona hali ya nyumba, chakula kilichokuwapo na kisichokuwapo, na namna mume alivyoishi na mkewe. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Shakespeare, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 16, bado aliijua heshima ya jina hilo. Mwishoni mwa mchezo wake wa The Comedy of Errors, mama aliyepotezana na wanawe pacha kwa miaka mingi anawapata tena wakiwa watu wazima. Anawaalika wote waliopo kwenye karamu, na karamu hiyo anaiita ya gossips, yaani karamu ya ubatizo, kana kwamba wanawe wamezaliwa siku ile.

Lakini nje ya kile chumba kilichofungwa walikuwako watu wasiojua kinachosemwa ndani, nao wakaanza kukisia. Kuanzia karne hiyohiyo ya 16 neno lilianza kuwa na maana ya mtu, hasa mwanamke, apendaye maneno yasiyo na kazi. Ni haki tuseme hapa kwamba wanawake walidhulumiwa. Wanaume nao walizungumza, tena katika vilabu vya pombe na masoko, lakini jina likabandikwa kwa wanawake. Dhuluma hiyo haikuishia kwenye neno. Huko Uskoti na katika sehemu za Uingereza, katika karne ya 16 na ya 17, kilitumika kifaa cha chuma kilichofungwa kichwani mwa mwanamke aliyeshitakiwa kwa maneno yake, chenye kipande cha kumkandamiza ulimi. Kimojawapo, chenye tarehe ya mwaka 1633, kilitunzwa ndani ya kanisa la Walton-on-Thames, karibu na London. Kanisa lililopaswa kutunza kumbukumbu ya ndugu wa ubatizo lilitunza chuma cha kuwafunga midomo.

Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza. Chini ya neno hili aliorodhesha maana tatu: msimamizi wa ubatizo, mwenzi wa kunywa pombe, na mtu azungukaye akichukua maneno ya watu. Ngazi yote ya kushuka iko hapo katika ukurasa mmoja. Katika karne ya 19 neno likashuka hatua moja zaidi: likaacha kuwa jina la mtu na kuwa jina la maneno yenyewe. Hatimaye likaingia katika Biblia, lakini kwa mlango wa nyuma. Tafsiri ya Kiingereza ya Agano Jipya iliyotolewa Marekani mwaka 1946 ililitumia katika Warumi 1:29, pale ambapo mtume Paulo anahesabu dhambi za wanadamu walioiacha kweli ya Mungu. Mahali ambapo sisi tunasoma juu ya wenye kusengenya, wao walisoma gossips.

Mtu anaweza kusema kwamba hii ni ajali ya lugha moja tu. Sivyo. Wafaransa walikuwa na neno commère, yaani mama mwenza, jina la mama wa ubatizo wa mtoto wako. Kutokana na neno hilo wamepata commérage, nalo maana yake ni umbea. Wahispania wana comadre, lenye maana ileile ya mama wa ubatizo, na kutokana nalo wana kitenzi cha kupiga umbea. Lugha tatu zilitoka penye kisima kilekile na kuangukia shimo lilelile. Basi sababu haiwezi kuwa katika sauti za maneno. Lazima iwe katika jambo lenyewe.

Sisi tunaiona hivi. Godsibb alikuwa na vitu viwili: ukaribu na ahadi. Kwa ukaribu aliyajua ya ndani. Kwa ahadi aliyabeba. Alijua kwamba nyumba ile haina chakula, na kwa kuwa mtoto wa nyumba ile ni wake kwa Mungu, alipeleka unga. Alijua kwamba baba amerudia ulevi, akamwendea. Kujua kwake kulikuwa na kazi ya kufanya. Lakini ahadi ilipofifia, ukaribu ulibaki. Watu waliendelea kuingia na kutoka katika nyumba za wenzao, waliendelea kuyaona na kuyasikia yote, ila hakuna tena aliyewajibika kwa alichokijua. Na habari isiyobebwa hadi mahali pa msaada haikai tumboni. Hutafuta mahali pa kutokea, na kwa kawaida hutokea mdomoni. Umbea ni undugu uliobaki na macho na masikio, ukapoteza mikono na magoti.

Kwa hiyo dawa ya umbea haipatikani kwa watu kuacha kujuana. Chuma cha Walton kilijaribu kuufunga ulimi, nacho hakikumfanya yeyote kuwa ndugu. Dawa ni kuirudisha ahadi mahali pake. Hapa historia ya kanisa letu ina mfano mzuri. Katika Kijerumani msimamizi wa mtoto wako aliitwa Gevatter, yaani baba mwenza. Luther alikuwa na Gevatter mmoja huko Wittenberg, mchoraji Lucas Cranach, kwa sababu Luther alikuwa amemsimamia binti yake Anna. Mwezi wa Aprili mwaka 1521 Luther alitoka kwenye baraza la Worms, alikokataa kuyakana maandiko yake, na maisha yake yalikuwa hatarini. Tarehe 28, akiwa Frankfurt, alimwandikia Cranach barua, akimwita Gevatter na rafiki. Alimweleza kwamba atajiachia afungiwe na kufichwa, mahali asipopajua bado. Siku chache baadaye alichukuliwa na kupelekwa katika ngome ya Wartburg, huku wengi wakidhani ameuawa. Siri hiyo ingeweza kugharimu uhai, na Luther aliiweka mikononi mwa ndugu yake wa ubatizo. Miaka mitano baadaye, Luther na mkewe Katharina walipompata mtoto wao wa kwanza, Cranach naye akawa msimamizi wake.

Luther huyo ndiye aliyetufundisha Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Kila aliyepita kipaimara anakumbuka kwamba maelezo yake yana upande wa kukataza na upande wa kuagiza: tusimsingizie jirani wala kumharibia jina, bali tumtetee, tumnene vema, na kuyachukua mambo yake kwa namna iliyo njema. Katika Katekisimo Kubwa anakwenda mbali zaidi. Anasema kwamba kuijua dhambi ya mtu si sawa na kuwa na ruhusa ya kuihukumu. Aliyeijua ayafanye masikio yake kuwa kaburi, aizike humo, mpaka atakapopewa kazi ya kuwa mwamuzi. Wahenga wetu walisema jambo lililo karibu na hilo: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha amepewa ruhusa ya kuona kwa sababu ya kazi aliyopewa. Akitoka mle ndani na kuyasimulia, huyo si mwosha tena.

Lakini tusije tukalitumia fundisho hili kufunika uovu. Kuzika aibu ya mtu ni jambo moja, na kumwacha mtoto aumizwe ni jambo jingine. Msimamizi akijua kwamba mtoto wake wa ubatizo anapigwa kupita kiasi, au ananajisiwa, au anaozeshwa angali mdogo, kunyamaza kwake ni kuivunja ahadi. Aseme, na aseme pale penye mamlaka ya kusaidia: kwa mchungaji, kwa afisa ustawi wa jamii, kwa polisi. Huo si umbea. Umbea ni kulisema jambo kwa kila mtu isipokuwa yule anayeweza kulitengeneza. Bwana Yesu mwenyewe anatupa utaratibu katika Mathayo 18: kwanza nenda kwake, ninyi wawili peke yenu. Anayeanza na kundi zima ameanzia mwisho. Tena tujihadhari na umbea uliovaa joho la sala, pale mtu anapoandika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya kwamba tuiombee nyumba ya fulani, kisha anaeleza kisa chote hadi jina la mwanamke aliyeonekana na mwenye nyumba. Mungu anazijua habari hizo. Hazikuhitaji kupitia kwenye simu sitini.

Na sasa turudi kwenye usimamizi wenyewe. Mara nyingi wazazi huchagua wasimamizi kwa kuangalia cheo, uwezo, au deni la sherehe iliyopita. Luther, katika kitabu chake kidogo cha ubatizo cha mwaka 1526, aliwasihi watu wasichague watu ovyo kusimama penye kisima, bali walio wacha Mungu na wenye tabia ya kuaminika. Swali la kumpima msimamizi ni rahisi: je, nyumba yetu ikipatwa na aibu, tungependa huyu awe wa kwanza kujua? Kama jibu ni hapana, basi tumetafuta mgeni wa heshima, hatujatafuta ndugu kwa Mungu.

Katika ofisi ya kila usharika liko daftari la ubatizo, na ndani yake, mbele ya jina la kila mtoto, yameandikwa majina ya wasimamizi. Wengi wetu jina letu limo humo, mbele ya jina la mtoto ambaye leo ni kijana anayetafuta kazi, au binti aliye bwenini, au mtu mzima ambaye hajaonekana kanisani muda mrefu. Huenda habari zake tumezisikia kwa watu, na huenda tumezisema. Juma hili tumtafute yeye mwenyewe. Tumpigie, au twende, tumwulize hali yake, tuketi tumsikilize. Na tutakayoyasikia tuyapeleke kwa Mungu.